Macho ya Kuazima

Tangu Marekani isitishe misaada yake ya nje tarehe 20 Januari 2025, habari zinazotoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma zimekuwa za chakula. Mgao umepunguzwa mara baada ya mara, wakimbizi wameandamana, na kuanzia Agosti mwaka huo familia ziligawanywa kwa makundi, nyingine zikipata kidogo, nyingine zikiambiwa zijitegemee. Ni haki tumbo lisemewe kwanza. Lakini fedha zilizokauka hazikuwa za mtama na maharagwe peke yake. Zilikuwa pia posho ya mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaharisha, mtoto gani ameamka na mguu uliolegea, nani ana homa na vipele. Zilikuwa mafuta ya gari linalopeleka sampuli maabara. Kituo cha afya kikifungwa, wagonjwa wanaorudishwa mlangoni humwonyesha kila mpita njia kwamba kuna jambo. Jicho linalotafuta ugonjwa likifumbwa, hakuna anayeona tofauti. Takwimu hazilalamiki, zinashuka tu, kana kwamba watu wamepona. Hilo ndilo lililonirudisha nyuma kuitazama upya miaka arobaini na kitu ya magonjwa katika Turkana, na kila tukio nililolikumbuka lilinipeleka kwenye swali lile lile: ni nani alikuwa akitazama, na alikuwa akimtazamia nani?

Turkana ni kaunti ya Kenya kwa mujibu wa katiba. Kwa ukubwa ni nchi. Eneo lake linazidi Rwanda na Burundi zikijumlishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 926,976. Inapakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na mipaka yote mitatu huvukwa kila msimu na Waturkana na majirani zao wanaofuata malisho: Wakaramojong, Watoposa, Wanyangatom, Wadaasanach. Hospitali ya rufaa ni moja, mjini Lodwar. Yapata kilomita 120 kutoka hapo, kwenye barabara iendayo Sudan Kusini, ziko kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei zenye watu karibu laki tatu. Anayetaka kujua jinsi nchi ndogo inavyoweza kujilinda na magonjwa ya kuambukiza ikiwa na madaktari wachache, barabara ndefu na majirani walio vitani, asitafute mfano mbali. Hoja yangu ni hii: katika Turkana ugonjwa haujawahi kukosa mtu wa kuuona. Umekosa wa kumsikiliza aliyeuona, na mara nyingi aliyesikiliza alikuwa mgeni mwenye mkataba wa muda na ugonjwa mmoja anaoutafuta. Macho ya Turkana yameazimwa kwa muda mrefu, na sasa wenyewe wanayadai.

Nianze na ukame wa kati ya 1979 na 1981, ambao Waturkana wanaukumbuka kwa jina la Lopiar, mwaka uliofagia kila kitu. Mvua ilikosa, uvamizi wa mifugo ukaongezeka, ugonjwa wa mapafu ukaangusha mbuzi, kisha kipindupindu kikaja juu ya njaa. Waturkana huipa miaka mibaya majina, na jina moja hubeba habari ambazo ofisi ingezigawa katika faili nne: hali ya hewa, usalama, mifugo, afya. Mzee aliyesema Lopiar alikuwa amesema yote kwa mpigo, tena kwa mpangilio wa jinsi jambo moja lilivyozaa jingine. Huo ni ufuatiliaji wa magonjwa, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mchungaji alijua mbuzi wanakohoa kabla ya watoto kudhoofika, na alijua watoto wamedhoofika kabla ya kipindupindu kuwakuta. Kilichokosekana ni njia ya kulifikisha neno lake Lodwar likiwa bado na faida. Lilipofika, lilifika kama habari za maafa, wakati wa kugawa chakula cha msaada umeshawadia na wakati wa kuzuia umeshapita.

Miaka michache baadaye, mwaka 1983, shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana na ugonjwa wa tegu wa mbwa, ambao kwa Waturkana ulikuwa umeenea kuliko mahali pengine popote palipopata kuchunguzwa duniani. Mbwa hula matumbo ya mnyama mwenye vifuko vya mdudu huyu, kisha mayai hutoka na kinyesi chake na kumfikia mtu kwa maji, kwa vumbi, au kwa ulimi wa mbwa anayelala na watoto. Ndani ya ini au pafu kifuko hujaa maji na kukua kwa miaka, mpaka tumbo la mtu mzima linavimba kama la mjamzito. Mwanzoni lilionekana kuwa tatizo la madaktari wa upasuaji tu: mgonjwa anakuja, anapasuliwa, anarudi nyumbani kwa mbwa wale wale. Mabadiliko yalikuja pale watafiti, miongoni mwao Eberhard Zeyhle na Calum Macpherson, walipobeba mashine ya picha za mawimbi ya sauti hadi vijijini na kwenye visima, wakawapima watu wasiolalamika chochote. Ndipo ikaonekana ugonjwa ulipo, kwa nani, na unakua kwa kasi gani. Ujuzi huo ulichangia namna Shirika la Afya Duniani lilivyopanga hatua za vifuko hivyo mwaka 2003, mpangilio unaotumiwa leo na madaktari wa mabara yote. Turkana, iliyodhaniwa kuwa ya kusaidiwa tu, iliifundisha dunia.

Nalitaja hilo kwa fahari, lakini kuna funzo chungu ndani yake. Mpango ule ulifaulu kwa sababu mtu aliyepimwa na kukutwa na kifuko aliweza kupata dawa au upasuaji. Kutazama na kutibu vilisafiri katika gari moja. Ulikuwa, hata hivyo, mpango wa ugonjwa mmoja. Mama aliyepeleka mtoto mwenye homa mahali pa kupima ini alikuwa amefika pasipo pake. Hakuna mwenye kosa hapo; ndivyo fedha za wafadhili zilivyo, hutolewa kwa jina la ugonjwa. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi Turkana ilikuwa na jicho kali la tegu, jicho jingine la vikope, jingine la kala-azar, jingine la polio, na bado ikakosa mtu wa kuuliza swali rahisi kabisa: wiki hii watu wa huku wanaumwa nini?

Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, baada ya maelfu ya vijana na watoto wa Sudan kusini kutimka Ethiopia kufuatia kuanguka kwa utawala wa Mengistu. Tangu hapo kwenye barabara ile moja pakawa na mifumo miwili ya afya. Kambini, wahudumu waliolipwa posho walihesabu wagonjwa kila wiki, na taarifa zilikwenda kwa mashirika na kwa Umoja wa Mataifa. Nje ya kambi, zahanati za serikali zilikuwa chache, na mwenyeji wa Kakuma mara nyingi alikwenda kutibiwa hospitali ya wakimbizi au ile ya misheni. Kuna wanaosema hali hii ilikuwa upendeleo kwa wageni. Naielewa hasira hiyo, kwa kuwa si jambo dogo kumwona jirani aliyekuja jana akipata daktari ambaye wewe hujampata tangu uhuru. Ila hasira hiyo isitufiche ukweli mwingine: mfumo wa kambi ulionyesha kwamba katika joto lile, katika vumbi lile, inawezekana kujua kila wiki watu wanaumwa nini. Hoja ya kwamba Turkana ni ngumu mno kufuatiliwa ilikufa Kakuma zamani.

Mfano wake ni kipindupindu cha mwaka 2005. Kati ya Aprili na Juni watu 418 walitibiwa kambini na 4 wakafariki. Kwa ugonjwa unaoweza kuua nusu ya wasiotibiwa waliozidiwa, vifo 4 ni ushahidi wa watu waliogundua mapema na kutibu haraka. Waliochunguza chanzo chake walikuta mambo ya kawaida kabisa: waliotumia choo kimoja na kaya nyingine kadhaa waliugua zaidi, waliofika kambini karibuni waliugua zaidi, na waliohifadhi maji ya kunywa katika chombo kilichofunikwa waliepuka. Choo na mfuniko. Utafiti mwingine wa Kakuma, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mbu wa malaria aina ya Anopheles arabiensis walikuwa wakizaliana kwenye madimbwi na mashimo yaliyotokana na mfumo wenyewe wa kusambaza maji. Mahali pakavu kiasi kile, binadamu ndiye aliyemtengenezea mbu makao, tena kwa nia njema ya kuwapa watu maji. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona ufuatiliaji wa magonjwa kuwa kazi ya makarani wa kujaza fomu. Hesabu ya wagonjwa ikisomwa na mtu mwenye akili, inaonyesha bomba linalovuja na choo kinachokosekana. Ikifungiwa kabatini, ni karatasi.

Mwaka uliofuata, 2006, kulitokea mambo mawili ambayo tungeyazingatia vizuri, leo tusingekuwa na wasiwasi huu. La kwanza ni la Lokichoggio. Mji huo wa mpakani ulikuwa kituo kikuu cha misaada ya Sudan tangu 1989, na hospitali ya Lopiding iliyoendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu 1987 ilitibu majeruhi wa vita kwa maelfu. Mkataba wa amani ulipotiwa saini Januari 2005, mashirika yalianza kufunga virago kuelekea Juba, na mwaka 2006 hospitali ikakabidhiwa kwa serikali ya Kenya. Majengo yalibaki. Fedha, ndege na madaktari bingwa viliondoka, na hospitali iliyojulikana duniani ikawa hospitali ndogo ya wilaya. Siwalaumu waliokwenda, walikuja kwa sababu ya vita, na vita viliisha. Ninachosema ni kwamba makabidhiano ya funguo hayakuwa makabidhiano ya uwezo. Leo Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe manispaa ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja na zahanati moja. Ni wazo jema, na nimelitetea kila nilipopata nafasi. Lakini kama makabidhiano yatahesabu vitanda na mabati bila kuhesabu posho za wanaozunguka nyumba kwa nyumba, Lokichoggio itajirudia upande wake wa kusini.

La pili lilikuwa la mifugo. Mwaka huo wafugaji wa Turkana walianza kupoteza mbuzi na kondoo kwa ugonjwa wa kuhara, makamasi na vidonda vya mdomo. Ulikuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, na huo ndio mlango ulioingilia Kenya kwa kishindo. Ndani ya miaka miwili hivi ulikuwa umeenea katika wilaya zaidi ya kumi. Mfugaji hakuhitaji maabara kujua kwamba hili ni jambo geni. Ana jina la kila maradhi ya ng'ombe na mbuzi. Loukoi, homa ya mapafu ya ng'ombe, huitambua kwa kikohozi na kwa mapafu anapochinja. Anapokosa jina, hiyo peke yake ni habari. Maradhi yasiyo na jina miongoni mwa watu wenye majina ya maradhi yote ni kengele inayopaswa kusikika Nairobi siku hiyo hiyo. Haikusikika hivyo, na kaya zilizokuwa na mbuzi mia zikabaki na wa kuhesabu kwa vidole vya mkono. Mbuzi akifa, maziwa ya mtoto yamekufa, na mtoto aliyekosa maziwa ndiye surua humwonea. Ndiyo maana napenda sana utaratibu ambao Turkana yenyewe imeupa jina la Kimormor, ambapo daktari wa watu, daktari wa mifugo na msajili wa vizazi huwafuata wafugaji kwenye adakar, kule waliko na mifugo yao, kwa safari moja. Mama hachanji mtoto leo na kurudi kesho kuchanja mbuzi. Anayekuja kwa ajili ya mbuzi humleta mtoto, na katika mazungumzo ya kusubiri zamu habari nyingi husemwa ambazo hakuna fomu iliyoziuliza.

Watu wa ofisini hunijibu hapo kwamba maneno ya wachungaji ni fununu, na kwamba nchi haiwezi kuendeshwa kwa fununu. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kila taarifa ya uongo inakula mafuta ya gari na siku ya mtumishi. Jibu lake liko katika historia ya mnyoo wa Guinea. Mnyoo huu huingia kwa maji ya kunywa yenye viroboto wadogo wa majini, hukaa mwilini kama mwaka, kisha hutoka taratibu kupitia lengelenge la mguuni, kwa maumivu yanayomlaza mtu wiki kadhaa. Hauna chanjo wala dawa. Kaskazini magharibi mwa Kenya kuliujua, na ng'ambo ya mpaka, Sudan kusini, mwaka 2006 pekee walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 20,000. Kenya ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya ndani mwaka 1994, lakini haikutambuliwa rasmi kuwa imeutokomeza hadi 2018. Miaka 24 ilikuwa ya nini? Mojawapo ya majibu ni kwamba nchi haiwezi kuthibitisha kutokuwapo kwa kitu kwa kunyamaza. Inapaswa kuonyesha kwamba ilitafuta, na kutafuta huko hupimwa kwa fununu: ni ngapi zililetwa, na ni ngapi zilifuatiliwa ndani ya saa 24. Zawadi ya fedha ilitangazwa kwa atakayeleta habari za mgonjwa wa kweli. Watu wakaleta kila jipu na kila uzi uliotoka kidondani. Kila fununu ilipofuatiliwa na kukutwa si mnyoo, Kenya ilisogea hatua moja kuelekea cheti chake. Kwa maneno mengine, zile taarifa zilizoonekana za bure ndizo zilizokuwa ushahidi wenyewe. Wilaya isiyoleta fununu yoyote haikupewa sifa ya usalama. Ilishukiwa kwamba imelala.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoongoza polio. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafla huhesabiwa, hata kama sababu ni nyingine, na inatarajiwa wapatikane angalau wawili kwa kila watoto laki moja kwa mwaka. Eneo lisilofikia hesabu hiyo linahesabiwa kuwa halitazami. Sampuli mbili za choo huchukuliwa kwa nafasi ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mtoto alegee, na kupelekwa katika barafu hadi maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka Lodwar. Mwaka 2024 kazi hiyo ilizaa matunda ambayo hakuna aliyeyatamani: virusi vya polio vya aina ya pili, vile vinavyotokana na chanjo iliyozunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa mpaka ikarudisha makali, vilithibitishwa kambini Kakuma, na pia katika maji taka ya Kamukunji, Nairobi. Angalieni tofauti hiyo. Nairobi ina mifereji ya maji taka. Mtaalamu huchota chupa moja na kupima mtaa mzima. Kakuma watu hutumia vyoo vya shimo. Hakuna mfereji wa kuchota. Kule, virusi hupatikana tu kama kuna mtu aliyekwenda hadi kwenye mlango wa nyumba akamwona mtoto. Wanaosema teknolojia itachukua nafasi ya posho za wahudumu wafikirie jambo hili. Simu ni chombo kizuri, na mfumo wa m-Dharura unaopokea taarifa za matukio ya afya kwa simu ni hatua ya kupongezwa. Lakini simu hupeleka alichokiona mtu. Ikiwa hakuna aliyekwenda kuona, mtandao utabeba ukimya kwa kasi kubwa.

Pingamizi jingine, na hili husemwa kwa sauti kubwa zaidi wakati wa kampeni, ni kwamba wakimbizi ni mzigo wa Umoja wa Mataifa, na shilingi ya Turkana isitumike kwao. Kwa upande wa haki, Waturkana wana madai halali ya miaka mingi ambayo sitayapuuza. Kwa upande wa magonjwa, hoja hiyo haina pa kusimama. Polio ya Kakuma ilipogunduliwa, chanjo ya Oktoba 2024 haikuishia kambini, bali iliwafuata watoto wa Turkana na wa kaunti nyingine, Nairobi ikiwamo. Kinga ya mtoto wa Lodwar inategemea mtoto wa Kakuma achanjwe, na kinyume chake. Zaidi ya hayo, soko ni moja. Mbuzi wa Mturkana huliwa kambini, kuni za Mturkana hupikia kambini, bodaboda ni hiyo hiyo. Ugonjwa unaosafiri na kuni hauulizi kitambulisho.

Nije kwenye fedha, maana huko ndiko hoja nyingi hukimbilia mwishowe. Inasemwa kaunti haina uwezo wa kurithi kazi ya wafadhili. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, afya ilikuwa jukumu kubwa kuliko yote lililokabidhiwa kaunti, na Turkana imekuwa miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa zaidi wa fedha kutoka serikali kuu, zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Hakuna ubishi kwamba eneo ni kubwa na mahitaji hayahesabiki, na kwamba kuzichukua hospitali zote za kambi kwa mara moja kungeivunja kaunti mgongo. Silitaki hilo, na serikali kuu haina haki ya kulisukuma. Ninalolizungumzia ni dogo na la bei nafuu kuliko jengo lolote. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitolewa na serikali kuu na nusu na kaunti. Shilingi 2,500 za kaunti kwa mwezi ndizo bei ya jicho moja. Kwa bei hiyo Turkana ingeweza kuwaingiza katika orodha yake wahudumu wa Kakuma na Kalobeyei waliofundishwa kwa miaka mingi, wanaojua Kidinka, Kinuer, Kisomali na Kiswahili, kabla hawajatawanyika kutafuta riziki nyingine. Kumfundisha mpya kutagharimu zaidi, na imani ya majirani haifundishwi darasani.

Wapo pia wanaosema milipuko ni jukumu la Nairobi, kwa kuwa maabara kuu ziko huko na ni serikali kuu inayotoa taarifa kwa Shirika la Afya Duniani. Kwa sheria wana sehemu ya ukweli. Lakini Nairobi hutangaza inachoambiwa, na mbu hakusubiri aambiwe. Desemba 2022 wanasayansi wa KEMRI walitambua Kenya mbu mgeni, Anopheles stephensi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ukathibitisha yuko Marsabit na Turkana. Mbu huyu wa asili ya Asia hutofautiana na wale tuliowazoea kwa kuwa huzaliana katika matangi, mapipa na madumu, katikati ya mji, hata wakati wa kiangazi. Djibouti ilimwona mwaka 2012, mwaka ambao nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Sasa ufikirie Lodwar na Kakuma, miji ambayo maji huja kwa zamu na kila nyumba ina pipa. Mfuniko ule ule uliowaokoa watu na kipindupindu mwaka 2005 ndio unaomnyima stephensi mahali pa kutaga. Kazi ya kuinua mfuniko na kutazama viluwiluwi haiwezi kufanywa kutoka Nairobi. Inafanywa na mtu wa mtaa, anayefahamika, anayeruhusiwa kuingia uani bila askari. Naye ataruhusiwa kwa sharti moja ambalo Waturkana hawajawahi kulificha: akikuta mtoto ana homa, awe na kipimo na dawa mkononi, au ajue zahanati iliyo wazi. Mhudumu anayekuja kuhesabu wagonjwa na kuondoka mikono mitupu hupokelewa mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya tatu mlango haufunguliwi, na familia ikifiwa itazika usiku. Tangu siku za mashine ile ya kupima ini visimani, hakuna mpango uliodumu Turkana kwa kuchukua habari tu. Ndiyo sababu siwezi kukubali mjadala unaotenganisha bajeti ya tiba na bajeti ya ufuatiliaji, kana kwamba moja ni huduma na nyingine ni anasa ya watafiti.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa waheshimiwa wa bunge la kaunti mjini Lodwar, na kwa wapiga kura waliowatuma huko. Makadirio ya bajeti yakiletwa mezani, tafuteni sehemu ya wahudumu wa afya ya jamii mwangalie mambo matatu: kama wahudumu wa Kakuma na Kalobeyei wamo, kama kila mmoja amewekewa vipimo na dawa za malaria za mwaka mzima, na kama kuna mafuta ya gari la sampuli kutoka Kakuma hadi Lodwar kila wiki. Kama halimo hata moja, msiipitishe.